Kichwa cha Saba

Jumatatu, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Breki alikuwa anatoka chumbani kwake huku anafunga mkanda, soksi moja mguuni, nyingine begani. Mama yake alikuwa keshaketi kwenye cherehani, anapunguza kiuno cha suruali ya mteja. Bila kuinua macho akasema, "Angalia usimkanyage mbwa."

Breki akaganda, mguu hewani. Mbele yake kulikuwa na sakafu ya saruji, ule ufa wake unaotoka mlangoni mpaka chini ya kabati, na mkeka mdogo wa plastiki. Basi. Akaunyanyua mguu juu zaidi, akavuka kama mtu anayevuka mtaro wa maji machafu, akatua upande wa pili.

"Leo hata mkia hujaugusa," mama akasema. "Umejitahidi."

"Samahani, Karani," Breki akauambia mkeka, akaenda kutafuta kiatu.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu tangu Karani arudi. Alirudi Jumamosi mchana, siku ya kumi na moja baada ya kupotea. Alipita getini, akaenda moja kwa moja kwenye beseni la kufulia, akanywa maji yote pamoja na povu. Mama alimwona. Mdogo wake Breki, msichana anayeuza kwenye duka la dawa pale mtaani, alimwona, akamwosha miguu na kumpaka dawa ya vidonda. Fundi bomba wa nyumba ya pili alimwona kwa juu ya ukuta, akapiga makofi. Mbeba mitungi ya gesi alimwona na akakataa kuingia uani mpaka mbwa ashikwe, kama kawaida yake. Mbwa amerudi, watu wakafurahi, kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Breki ndiye peke yake ambaye hakumwona. Alirudi kutoka kazini Jumamosi ile akakuta mama na mdogo wake wamechuchumaa, wanakichekea kipande cha sakafu. Mdogo wake alikuwa anakuna hewa, vidole vimekunjwa, kama mtu anayekuna nyuma ya sikio la mbwa. "Njoo umwone mwenzio," akamwambia. Breki akaja, akachuchumaa, akanyoosha mkono, akashika hewa. Pale pale angesema jamani mimi simwoni, mambo yangeisha. Lakini wangemuuliza, kwa nini wewe tu? Na jibu alikuwa nalo, limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwa hiyo akasema, "Dah, Karani, umekonda," akasimama haraka, akaenda kunawa uso.

Breki ni jina alilopewa na madereva wenzake, kwa sababu ndicho kifaa cha gari alichokuwa akikitumia kwa uchache kuliko vyote. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Shule aliiacha akiwa na kumi na nne. Siku moja alitoka kwenda chooni katikati ya somo, akaona geti liko wazi, akaendelea kutembea. Wiki ile ile alikuja nyumbani na kijibwa ndani ya boksi la mikate. Kila mtu ndani ya nyumba alikuwa anamuuliza sasa utafanya nini na maisha yako. Kijibwa peke yake ndicho hakikuuliza. Walikipa jina la Karani kwa sababu tangu kikiwa kidogo kilikuwa kinakaa mlangoni na kumkagua kila anayeingia, kuanzia viatu mpaka uso, kama karani wa ofisini anayekwambia fomu yako hujaijaza vizuri, nenda urudi kesho.

Kwa hiyo mbwa alikuwa wa Breki. Hilo liwekwe wazi mapema, maana ndilo lenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuendesha basi dogo la kampuni ya kutembeza wageni. Barabara yao ilikuwa inapanda mlimani kilomita sitini, inapita msitu wa misonobari, inazunguka ukingo wa ziwa kwa juu, inavuka daraja, inafika maporomoko ya maji, halafu inateremka kwenye mji wa upande wa pili. Watu walikuwa wanatoka mbali kuja kuitazama barabara hiyo. Ilikuwa na vituo vinne. Kwenye kila kituo wageni wanashuka, wanapiga picha, wanasema lo, wanapanda. Na kwenye kila kituo dereva anahesabu vichwa. Hiyo ilikuwa sheria ya barabara ile kabla hata Breki hajazaliwa, tangu dereva mmoja alipomsahau bibi wa watu msituni. Dereva anasimama mlangoni mwa basi, anahesabu kwa sauti, anataja jumla, na wageni wanajibu kwa pamoja, "Tumetimia." Kabla ya neno hilo, gari haliondoki.

Sasa Karani alikuwa amezeeka. Miaka kumi na tatu kwa mbwa siyo mchezo. Alianza kukojoa ndani, akawa anakunywa maji kama anazima moto, na chakula kinamrudi. Daktari wa mifugo alikuwa mji wa upande wa pili, na Breki alikuwa anaenda huko siku hiyo na wageni sita. Mama akamfungia Karani blanketi na kopo la maji, akasema, "Mpeleke, si unapita huko huko." Breki akakubali. Hakuna aliyemlazimisha.

Vituo viwili vya kwanza mambo yalikuwa shwari. Alihesabu, "Sita, na wa saba ana mkia!" na wageni wakacheka, wakajibu "Tumetimia!" Kisha kona zikaanza. Kati ya kona ya tisa na ya kumi Karani akatapika juu ya viatu vyeupe vya mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele. Yule mama akaziba pua, akainua miguu yote miwili, akauliza, "Huyu mbwa ni wako?"

Breki alikuwa na malalamiko mawili ofisini tayari. La tatu lingemfanya arudishe funguo. Lakini tuseme ukweli, siyo hilo lililomfanya ajibu alivyojibu. Aliona aibu tu. Aliona mbwa mzee, macho yana ukungu, ananuka, mate yananing'inia, na wageni wazuri sita wenye miwani ya jua wanamtazama.

"Hapana," akasema. "Ni mzigo wa mtu. Nimepewa nimfikishe."

Karani alikuwa amelala kidevu kikiwa sakafuni. Akainua macho, akamtazama Breki kuanzia viatu mpaka uso.

Kwenye kituo cha ziwa Breki akamshusha apate hewa. Akapangusa gari. Wageni wakapiga picha ziwa, ambalo siku hiyo lilikuwa limetulia mpaka mawingu yalionekana yapo chini. Muda ukafika. Breki akasimama mlangoni, akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Karani alikuwa ametokea nyuma ya benchi, anakuja, taratibu, miguu ya nyuma imekakamaa. Alikuwa amebakiza hatua ishirini hivi. Breki alimwona vizuri kabisa.

"Sita," akasema.

"Tumetimia," wageni wakajibu. Mzee mmoja wa kiti cha nyuma akauliza, "Na yule mbwa?"

"Mwenyewe anakuja kumchukulia hapa," Breki akasema, akafunga mlango.

Nyumbani alisema Karani alirukia dirishani pale njia panda, karibu na kituo cha mafuta. Akasema amemtafuta saa mbili nzima. Mama akasimamisha cherehani, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole mwanangu." Ile pole ilimkaa vibaya kuliko kofi.

Siku zilizofuata alipita kituo cha ziwa kila siku ya kazi. Siku mbili za mwanzo aliita kwa sauti ndogo, huku akijifanya anakagua tairi. Hakuona hata unyoya. Akajiambia ameokotwa na watu wema. Akajiambia mambo mengi. Kumbe muda wote huo Karani alikuwa njiani, anateremka mlima kwa miguu.

Jumatatu ile basi, baada ya kuruka mkeka nyumbani, Breki alipanda na wageni saba kasoro mmoja, maana mmoja aliamka anaumwa. Kona zote alizikata vizuri. Alipofika kituo cha ziwa, Karani alikuwa amekaa kando ya uzio wa chuma, chini ya ubao wenye ramani.

Breki alizima gari. Wageni wakashuka. Mgeni mmoja akaweka begi lake mgongoni kwa Karani, begi likapita, likatua chini. Mgeni akafungua zipu akatoa kamera. Karani hakugeuka. Alikuwa amekonda, mbavu unaweza kuzihesabu, na miguu ilikuwa safi, haina kidonda hata kimoja, kwa sababu huyu hakuwa ametembea popote. Alikuwa anamtazama Breki.

Muda wa kuondoka Breki akasimama mlangoni. Wageni wakajipanga kuingia, na Karani akainuka, akaja nyuma yao, akasimama mwisho wa mstari. Breki akahesabu kwa kidole.

"Saba," akasema.

Wageni wakatazamana. "Sita," dada mmoja akamsahihisha. "Mwenzetu amebaki hotelini."

"Sita," Breki akasema.

"Tumetimia."

Pale kwenye maporomoko, wageni wakiwa wanalowa na kufurahia kulowa, madereva walikuwa na kibaraza chao cha kupumzikia. Mkubwa wao aliitwa Mzee Honi, dereva wa miaka thelathini kwenye barabara hiyo, mwenye tabia ya kupiga honi mbili kila anapofika darajani, hata kama daraja ni tupu. Alikuwa anamenya chungwa kwa kisu kidogo. Akamwangalia Breki mara moja tu.

"Umeacha nini, kijana?"

"Wapi?"

"Mimi nitajuaje wapi. Sura yako ndiyo inasema."

Breki akakaa, akainuka, akakaa tena. Hakuwa mtu wa kutulia. "Mbwa," akasema. "Kituo cha ziwa."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani wanasema yupo. Wote wanamwona. Mimi naona mkeka."

Mzee Honi akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa gari linamwaga oili. "Wa kwangu mimi ni shemeji yangu. Tuligombana hapa hapa mlimani, mwaka wa tisa huu. Nikamshusha darajani na sanduku lake, nikamwambia kwenu unakujua. Akaenda kwa miguu, akafika. Mke wangu anasema mpaka leo yupo, chumba cha nyuma, anakula sahani mbili. Mimi sijamwona tena pale nyumbani. Namwona darajani tu, amekalia sanduku."

"Ndiyo maana honi?"

"Sasa utampita mtu hivi hivi bila salamu?" Akampa kipande cha chungwa. "Wengi hapa wana kona zao. Yule mrefu anayeendesha basi la bluu, muulize kwa nini msituni anapunguza mwendo. Au usimuulize."

"Inaisha lini?"

"Ikiisha nitakwambia," Mzee Honi akasema, akarudi kwenye chungwa lake.

Breki hakuwa mtu wa kukubali jambo kirahisi. Jumatano wageni walibaki kulala mji wa upande wa pili, akarudi na gari tupu. Akasimama kituo cha ziwa, akashuka, akambeba Karani. Alikuwa na uzito ule ule wa siku zote, joto lile lile, na harufu ile ile ya gunia lililolowa. Akamweka kiti cha mbele, akamfunga mkanda. Karani hakupinga. Breki akaendesha kilomita zote polepole, akitumia breki kwenye kila kona, akawa anamwonesha vitu: ona msitu ule, ona wale nyani wanavyokaa kwenye uzio kama wana kikao, ona huku ndiko nilikopata pancha mbili siku moja. Alimwambia mengi. Neno lenyewe hakulisema. Alikuwa analisogeza mbele, akajiambia nitalisema tukifika.

Alipozima gari getini, kiti kilikuwa kitupu, mkanda umefungwa vizuri juu ya kiti. Kulikuwa na manyoya matatu manne na mate kidogo kwenye kitambaa. Ndani mama yake akamwambia Karani leo amekula vizuri sana, na shibe yake imemletea gesi, usiingie sebuleni sasa hivi.

Alhamisi Karani alikuwa chini ya ubao wa ramani.

Kwa hiyo nyumbani Breki akajifunza kuishi kwa ujanja. Msaada wake ulikuwa paka. Paka wao aliitwa Shangazi, kwa sababu alikuwa anakaa juu ya kabati akimtazama kila mtu kama amekosea. Shangazi alimwona Karani vizuri kabisa. Ukitaka kujua Karani yuko wapi, unamtazama Shangazi. Akipita kwa kujipinda, Karani amelala njiani. Akivimbisha mkia, Karani amesogelea sahani yake. Akijisugua kwenye hewa, na hewa ikamzuia asianguke, basi Karani amesimama hapo. Breki akawa anamsoma paka kama anavyosoma barabara. Akawa anasema, "Karani, toka hapo," na kweli anakuwa hapo, na mama anacheka.

Lakini mambo mengine ujanja hauyafikii. Mdogo wake alimpeleka Karani kwa daktari kwa gari la fundi bomba, wakarudi na kadi: kilo ishirini na mbili, figo zimechoka, vidonge asubuhi na mchana. Vidonge vikawa vinaingia kwenye hewa na havitoki. Mdogo wake akampiga picha Karani, ulimi nje, akamtumia Breki kwenye simu akiwa kazini. Breki akafungua. Ilikuwa picha nzuri ya mkeka. Akajibu, "Amependeza." Kisha akakaa na simu mkononi mpaka mgeni alipomgonga bega kuuliza kama kuna tatizo.

Aliona aibu ya kula, kwa sababu hakujua kama Karani yuko pembeni anamwomba. Aliona aibu ya kufunga mlango wa chumba chake, kwa sababu Karani miaka yote alikuwa analala pembeni ya kitanda chake, na sasa hakujua kama anamfungia nje au anajifungia naye. Akiwa anavaa alikuwa anajigeuza ukutani.

Jumapili, wiki ya tatu, mama alikuwa ameenda kumpima bibi harusi wa mtaa wa juu. Shangazi alikuwa ndani ya kapu la vitambaa, amelala fofofo, tumbo juu, hana habari na mtu. Mdogo wake Breki alikuwa anapiga pasi. Akasema, kama mtu anayeuliza saa ngapi, "Kaka, Karani yuko wapi?"

Breki akatazama kapu. Paka anakoroma. Akatazama mkeka, ndipo mahali pake pa siku zote. "Si huyo hapo, amelala."

"Amelalaje?"

"Si kama anavyolalaga. Kajikunja."

Mdogo wake akasimamisha pasi. "Karani yuko nyuma yako, kaka. Amesimama. Ana dakika tano anakutazama."

Breki hakugeuka. Angegeuka angeona nini.

"Nimejua tangu ile Jumamosi," mdogo wake akasema. "Ulipochuchumaa, ulimshika ndani ya kichwa. Mkono wako uliingia puani ukatokea kisogoni. Yeye mwenyewe alibaki anashangaa. Na mimi nikasema nisubiri, atasema mwenyewe leo, atasema kesho. Wewe unamtazama paka! Mtu mzima, unamnakili paka!"

"Sasa ungetaka nisemeje?"

"Mimi sijui utasemaje. Kusema tu unaweza, hata hunyamazi." Akanusa. "Ona sasa, nimeunguza kola."

Mama aliporudi, Breki alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono katikati ya magoti. Mama akaweka futi yake mezani, akavua viatu, akaketi kwenye cherehani. Breki akasema yote kwa pumzi moja. Kituo cha ziwa, siyo njia panda. Hakuruka dirishani. Nilimshusha, nikahesabu, nikamwona anakuja, nikafunga mlango. Na kabla ya hapo waliniuliza ni wako, nikasema siyo wangu.

Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Ulipita mara ya pili.

"Alikuja na udongo mwekundu kwenye kucha," akasema. "Njia panda kuna udongo mwekundu?"

"Hakuna."

"Basi." Akashusha mguu wa cherehani. "Hiyo ya kusema siyo wako ndiyo sikuijua."

Breki akatazama ufa wa sakafu. Alikuwa amefikiri ukishasema, kitu fulani kinatoka mwilini, kama mwiba. Hakikutoka kitu. Akainua uso akaangalia sebule nzima, kona kwa kona: cherehani, kapu, pasi, mkeka. Mbwa hakuwepo.

"Bado simwoni, mama."

"Ulidhani utamwona kwa sababu umeniambia mimi? Mimi sikuachwa popote. Mwambie yeye."

Breki akashuka kwenye kiti, akapiga magoti mbele ya mkeka. Mdogo wake akaenda jikoni ili asimtazame, na hapo ndipo Breki alipojua kuwa kweli anaonekana vibaya. Akaongea. Aliongea kwa sauti ya chini, maneno mafupi, maana marefu hakuwa nayo. Akasema Karani, uliniona nakuona. Akasema walikuwa watu nisiowajua, hata majina yao sikumbuki, na ndio niliowaonea aibu kwa ajili yako, wewe uliyekuwa unalala kwangu. Akasema nisamehe. Alisema nisamehe mara tatu, na mara ya tatu sauti ikamkatikia, akabaki ameinama, kipaji cha uso karibu na mkeka.

Baadaye mama akasema, kwa upole sana, "Ametoka kitambo, mwanangu. Ulipoanza tu kuongea. Yuko uani kwenye jua."

Breki akainuka, akaenda uani. Kulikuwa na jua, kamba ya nguo, na ndoo. Hakujua aelekee upande gani, kwa hiyo akasimama katikati.

Tangu siku hiyo hakuna aliyelizungumza tena. Mama alimshonea Karani mfuko wa kulalia kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, rangi zote. Vidonge vilifanya kazi, akaacha kukojoa ndani. Kilo zikawa ishirini na nne. Fundi bomba akasema mbwa huyu atatuzika sote. Breki alikuwa anaosha bakuli, anajaza maji, analiweka chini, na maji yanapungua akiwa ametoka chumbani. Akibaki kuangalia, hayapungui.

Kwenye kituo cha ziwa Karani alizidi kukonda. Breki alianza kumpelekea chakula. Alikinusa, akakiacha, nyani wakaja kukila. Dakika kumi za kituo kile Breki alikuwa anakaa kwenye benchi, Karani pembeni yake, wote wanatazama ziwa. Wageni walidhani dereva wao anapenda mandhari. Mmoja alimpiga picha kwa nyuma, akasema ni picha nzuri kuliko zote za safari, kijana na ziwa lake. Mama mmoja, mkarimu, akaja akakaa pale benchini, akauliza kama nyumbani wana mnyama yeyote wa kufuga.

"Tuna paka," Breki akasema. Kisha akasema, "Na mbwa. Mbwa ni wangu."

"Anaitwa nani?"

Akamtajia. Karani, aliyekuwa hapo hapo, hakugeuza hata sikio. Muda ukawa umefika. Breki akahesabu, akataja sita, wakatimia, akafunga mlango. Na Karani, kama kila siku, akainuka na kuanza kuja, taratibu, miguu ya nyuma imekakamaa, hatua ishirini.

Asubuhi za siku za kazi mdogo wake Breki alikuwa anatoka na Karani kumtembeza kabla ya kufungua duka la dawa, na Breki anatoka muda huo huo kwenda kuchukua basi. Walikuwa wanakutana getini. Geti lao lilikuwa la bati zito, lina springi, lisiposhikwa linajifunga kwa nguvu na linaweza kumvunja mtu mguu. Breki alikuwa analivuta, analishika kwa mikono miwili, anajibana ukutani kuwapisha. Mdogo wake anapita. Kamba inapita nyuma yake, imelegea, ncha yake imening'inia hewani kwa urefu wa goti. Breki anaendelea kushika. Anashika kwa muda mrefu, macho chini, hata kamba ikiwa imeshafika barabarani, mpaka mdogo wake anageuka na kumwambia, "Ameshapita."

Ndipo anaachia.